Bandama ya mtoto wa sikoseli

Mwezi huu tuongee juu ya watoto wa sikoseli, maana kuna swali linarudi kila mara kwenye foleni ya maji: "Wangu wawili wote ni SS. Mbona mmoja anacheza mpira, mwenzake kila mwezi yuko wodini?"

Kwanza, ugonjwa huu si mgeni huku. Mwaka 1949 madaktari Lehmann na Raper waliandika kwamba kwa Waamba wa Bundibugyo, ng'ambo ya Rwenzori, watu hadi 45 katika 100 walikuwa na alama ya sikoseli. Mwenye alama moja, yaani AS, kwa kawaida haugui, na malaria kali haimpati kirahisi. Lakini baba AS akizaa na mama AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS. Baba NA mama, nimesema. Kumfukuza mama eti ana damu mbaya ni uonevu tu, na uchawi haumo.

Sasa swali letu. Seli zilizopinda kama mundu huziba mishipa midogo, na bandama huumia mapema sana, mtoto akiwa bado mdogo. Bandama ndiyo askari anayechuja vijidudu kwenye damu. Akishafa huyo, kijidudu cha nimonia kinaweza kuua mtoto kwa siku moja. Tena kila mtoto amerithi vinasaba vyake vya kinga, vinavyoitwa HLA, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Watafiti wanafikiri hivyo pia vinachangia nani aumwe zaidi.

Vinasaba hatuchagui. Penisilini tunayo. Utafiti wa Marekani wa 1986 ulionyesha inapunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Inamezwa asubuhi na jioni mpaka miaka 5, hata mtoto akiwa mzima kabisa (hapo ndipo wengi tunakosea, tunaacha akipata nafuu). Chanjo ya nimonia nayo ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Joto likifika 38.5 usingoje kuche. Nenda usiku huohuo, na neno la kwanza kwa muuguzi liwe: "Huyu ni SS." Tumbo likivimba upande wa kushoto na viganja vikawa vyeupe, bandama imekusanya damu, hiyo nayo haingoji.

Na ninyi mnaohamishwa: kadi ya kliniki na vidonge visifungwe kwenye mizigo ya lori. Beba mkononi.