Kutoka Kalemie Mpaka Kigoma

Mji wa Kalemie uko kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, katika nchi ya Kongo. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Tanzania, uko mji wa Kigoma. Kila mji una bandari, una reli, una na kiwanja cha ndege. Je, kutoka kiwanja kimoja mpaka kingine ni mwendo gani? Swali hili lina majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli.

Jibu la kwanza ni la ndege. Mwanafunzi atwae ramani ambayo sentimeta 1 ni kilomita 20, aunyoshe uzi kutoka Kalemie mpaka Kigoma. Ataona sentimeta 6, yaani kilomita 120. Ziwa lenyewe si pana hivyo, lakini Kigoma haikuielekea Kalemie. Iko kaskazini zaidi, basi njia inavuka maji kwa mshazari. Ndege iendayo kilomita 240 kwa saa itafika kwa nusu saa.

Jibu la pili ni la gari. Gari haliwezi kupita juu ya maji, na ziwa hili lina urefu wa kilomita 673. Kulizunguka kwa kusini ni mbali sana. Kwa kaskazini, gari litapita Uvira, kisha Bujumbura katika nchi ya Burundi, ndipo lishuke Kigoma. Uzi ukinyoshwa kutoka mji hata mji, ni kilomita 275, kisha 25, kisha 170. Jumla ni 470. Na barabara yenyewe hupita hesabu hiyo, maana huzunguka milima na kutafuta vivuko vya mito. Masika matope huzidisha safari.

Tuseme mganga anapeleka chanjo ya surua. Dawa hiyo huharibika isipokaa penye baridi, basi huwekwa katika sanduku lenye barafu. Kwa ndege, barafu itafika ingali ngumu. Kwa gari, itayeyuka njiani, na watoto watachomwa sindano isiyowakinga. Kwa mganga huyu, kilomita si hesabu ya ubaoni tu.

Lakini mwenye magunia mia ya mahindi hatapanda ndege ndogo. Yeye hutafuta meli. Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli ya Kabalo ilifika Kalemie mwaka 1915. Zote mbili zilikomea majini, na meli zikawa daraja lao.

Liko jambo moja la kushangaza. Saa za Kigoma zimetangulia saa za Kalemie kwa saa moja. Ndege ikiondoka Kigoma saa tatu asubuhi, itatua Kalemie saa mbili na nusu. Abiria atafika kabla ya saa aliyoondoka! Wala hakurudi nyuma katika siku zake; ni saa za nchi mbili tu zilizopishana.

Basi njia fupi si moja kwa wote. Kabla ya kuuliza ni mbali gani, msafiri hujiuliza amechukua nini.

Maswali
1. Kwa nini gari huenda mbali kuliko ndege?
2. Ndege ikiondoka Kalemie saa mbili asubuhi, itafika Kigoma saa ngapi za huko?
3. Pima kwa uzi kutoka Kalemie mpaka Lubumbashi.