Ewe mrefu, kabla ya kununua pikipiki liulize goti lako

Wiki hii nataka kuzungumza na watu wa aina yangu, yaani warefu. Wale ambao kwenye daladala wanasimama wameinamisha shingo kama wako msibani, na mtaani wamebandikwa majina ya Twiga, Mlingoti au Ngongoti. Mimi mwenyewe nina futi 6 na inchi 2, sawa na sentimita 188, kwa hiyo ninachosema nakijua. Nyie wafupi msigeuze ukurasa. Kila mtu ana kaka, shemeji au mchumba mrefu, na siku moja huyo mtu atataka kununua pikipiki.

Mada yenyewe imeletwa na binamu yangu. Kijana ana miaka 22, kimo chake kimenipita mimi, na juzi juzi kapata tajiri wa kumpa pikipiki ya mkataba. Si unajua tena mambo ya mkataba? Unapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, siku sita kwa wiki, na mwaka ukiisha chombo kinakuwa chako. Piga hesabu mwenyewe: wiki 52, unapata shilingi 3,120,000. Kwa kijana wa kupanga chumba kimoja hizo si hela za mchezo.

Tajiri mwenyewe muungwana. Kamwambia, “Chagua aina unayotaka, mimi nalipa.” Binamu akaja kwangu mbio: “Kaka, nichukue ipi?”

Hapo ndipo kwenye kasheshe. Akichagua isiyomtosha, mwezi wa nne goti linaanza kuuma, kiuno kinakaza, anashindwa kupiga kazi siku mbili tatu kwa wiki. Hesabu inalala. Tajiri anachukua chombo chake, na ile milioni moja na ushee aliyokwisha lipa inakwenda na maji. Kwa hiyo msomaji, usije ukadhani tunaongelea urembo hapa. Tunaongelea mkate wa mtu.

Kijiweni ushauri haukukosekana. Mmoja alisema achukue yenye injini kubwa, cc 150 kwenda juu, eti mtu mrefu anataka nguvu. Mwingine akasema achukue zile ndefu za porini. Mzee mmoja pale, ambaye namheshimu sana, akamaliza kwa kusema, “Mchagua jembe si mkulima.” Shikamoo mzee, lakini hapo naomba tutofautiane. Mkulima mwenyewe ndiye anayejua mpini mfupi unavyovunja mgongo.

KIMO CHA KITI KINADANGANYA

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hawalijui ni hili: kimo cha kiti kutoka chini ni habari ya watu wafupi. Wao ndio wanaohangaika kufikisha miguu chini kwenye foleni. Sisi warefu miguu inafika, tena inabaki. Kwetu swali ni tofauti: kutoka kwenye kiti hadi pale unapokanyaga kuna nafasi kiasi gani? Hiyo ndiyo inayoamua goti lako likunjwe vipi kutwa nzima.

Pikipiki nyingi za bodaboda hapa kwetu, hizi za kutoka India na China, zina kiti cha kama sentimita 78 hadi 80 kutoka ardhini. Yamaha YBR125, kwa mfano, kiti chake kiko sentimita 78. Zimetengenezwa kwa mtu wa kimo cha kati, ili ziuzike kwa watu wengi. Mtengenezaji hana kosa, biashara ndiyo hivyo.

Ukienda kwenye zile za porini, mtindo wa Honda XL na Yamaha DT walizokuwa wakipanda mabwana shamba miaka ya 1980 na 1990, kiti kinapanda. Honda XR150L iko sentimita 82.5. Honda CRF250L inafika 87.5. Mrefu akiona hivyo anashangilia. Taratibu, ndugu yangu! Pikipiki ya porini imeinuliwa yote ili injini isigonge mawe. Kiti kimepanda, na vikanyagio navyo vimepanda. Mara nyingi unapata nafasi zaidi, ila si kubwa kama unavyodhani ukiitazama kwa nje. Inabidi upime.

Chukua tepu ya fundi cherehani. Pima kutoka juu ya kiti, pale unapokaa, hadi juu ya kikanyagio. Andika. Nenda pikipiki ya pili, pima tena. Tofauti ya sentimita 3 au 4 itaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini goti litaijua ndani ya nusu saa.

Na hiyo injini kubwa? Injini inavuta mzigo, hairefushi kiti. Kuna pikipiki za cc 125 na cc 150 za kampuni moja ambazo ukikaa juu yake huoni tofauti yoyote ya nafasi. Chagua injini kwa ajili ya milima na mizigo yako. Nafasi itafute kwa tepu.

MTIHANI WA DAFTARI

Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini hesabu za pembe sikuzisahau zote. Nenda dukani na daftari la kawaida na rafiki mmoja. Kaa kwenye pikipiki kama unavyoendesha, miguu juu ya vikanyagio. Mwambie rafiki aweke kona ya daftari nyuma ya goti lako, upande mmoja ukifuata paja na mwingine ukifuata muundi. Kona ya daftari ni nyuzi 90. Goti lako likiwa limefunguka zaidi ya kona hiyo, vizuri. Likiwa limebana kuliko kona, hiyo pikipiki ni ya mtu mwingine. Iache hapo hapo hata kama rangi yake ni bomba namna gani.

Mtihani wa pili ni wa usukani. Ukiwa umekaa, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mwisho kulia. Je, mkono au usukani unagonga goti? Kama unagonga, tafakari siku unakata kona ya ghafla kumkwepa mtoto aliyetoka uchochoroni. Usukani unagomea kwenye goti na wewe unakwenda mzima mzima. Hili si la maumivu tena, ni la roho za watu.

Mtihani wa tatu: simama juu ya vikanyagio kama unavyosimama ukipita kwenye matuta na mashimo. Usukani unaufikia bila kuinama kama unayedeki? Sawa. Unainama? Basi mgongo wako utalipa.

Wa nne ni wa kiatu. Mrefu mara nyingi ana mguu mkubwa, namba 45 au 46. Angalia kama kiatu kinaingia vizuri chini ya pedali ya gia. Hili lisikutishe, maana pedali hiyo kwenye pikipiki nyingi imekaa kwenye meno. Fundi analegeza bolti, anaichomoa, anaisogeza jino moja, kazi imekwisha.

Wa tano, panda na abiria. Hapa wengi wanasahau. Mrefu akibanwa magoti, dawa yake ni kurudi nyuma kwenye kiti. Akirudi nyuma, abiria anasukumwa hadi kwenye keria. Uzito wote unakwenda gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na usukani unaanza kucheza cheza. Abiria mmoja tu, halafu mnaonekana kama mshikaki! Kama pikipiki inakutosha ukiwa peke yako tu, kwa kazi ya bodaboda haikutoshi.

WAREFU HATUFANANI

Halafu kuna jambo moja naomba lieleweke. Mrefu si mmoja. Kuna mrefu wa miguu na mrefu wa kiwiliwili. Mrefu wa miguu anahitaji nafasi kubwa kati ya kiti na kikanyagio. Mrefu wa kiwiliwili magoti yake yako poa, ila anahitaji usukani wa juu, la sivyo anakunja mgongo na kubeba mwili kwa viganja mpaka vidole vinakufa ganzi. Kwa hiyo usinunue pikipiki eti kwa sababu mrefu mwenzako anaisifia. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio.

Dada zangu warefu nao ni hivyo hivyo. Usikubali muuzaji akuletee skuta ndogo kwa sababu wewe ni mwanamke. Peleka daftari lako.

Hata wakubwa wa dunia hili wanalijua. Kwenye mashindano ya MotoGP alikuwapo Valentino Rossi wa Italia, mrefu wa zaidi ya sentimita 180, aliyechukua ubingwa wa dunia mara tisa katika madaraja mbalimbali. Alikuwapo pia Dani Pedrosa wa Hispania, ambaye hakufika hata sentimita 165, naye alishinda mbio nyingi. Siri ni kwamba kwenye timu zile kiti, usukani na vikanyagio vinapangwa kumfuata mpanda, mpanda halazimishwi kukifuata chombo. Sisi hatuna timu ya mafundi, ila tuna mafundi wa mtaani, na kuna mengi wanayaweza.

KAMA UMESHAINUNUA

Najua kuna msomaji anasema, “Wewe unaongea, mimi ninayo tayari.” Usikate tamaa, anza na kiti. Fundi sofa anaweza kufungua kava na kuongeza sponji sentimita 3 hadi 5. Mwambie aweke sponji ngumu, ile laini ya mto unaikalia wiki mbili tu inalala na unarudi ulikotoka. Kwa warefu wa miguu, hakuna dawa ya bei nafuu kuliko hii.

Ukiinua kiti, usukani unakuwa umeshuka kwako. Unaweza kufunga usukani wa juu zaidi, ila hapa sikiliza kwa makini. Waya za klachi na mafuta, na mpira wa breki ya maji kama unayo, zilikatwa kwa usukani wa zamani. Baada ya kufunga, washa injini, iache silensa, zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Injini ikipanda mlio yenyewe, ujue waya umevutika. Usitoke barabarani hata mita mia mpaka urekebishwe, maana siku ya kukata kona pikipiki itakuchukua yenyewe.

Jambo ambalo mimi silishauri kabisa ni kuchomelea vikanyagio vishuke chini. Wapo wanaofanya. Kikanyagio kikishuka, ukilalia kona kinakwaruza lami na kinaweza kukurusha. Na lile bomba lililochomelewa limebeba uzito wako wote kila unapopita kwenye tuta. Likikatika, goti lililokuwa linauma litakuwa halipo mahali pake.

Usisahau na vitu vidogo. Vioo vya pembeni vipandishe mpaka uone barabara nyuma, usione mabega yako. Springi za nyuma mara nyingi zina ngazi za kukaza. Kama una uzito mkubwa au unabeba abiria kutwa, kaza ngazi moja au mbili. Na kofia ngumu vaa yenye kioo, kwa sababu mrefu upepo na wadudu wote wanakugonga wewe kwanza.

BINAMU ALICHUKUA IPI?

Najua mnataka kujua. Tulizunguka maduka ya Kariakoo siku nzima na daftari letu la kurasa 80. Wauzaji wengine walitucheka, mmoja akauliza kama tumekuja kufanya mtihani wa taifa. Duka la nne, mzee mmoja wa makamo akatuletea stuli, akamwambia binamu, “Kaa juu yake robo saa mwanangu, usiogope.” Huyo ndiye muuzaji.

Ile ya cc 150 aliyoitaka mwanzo ilimbana goti, usukani ukamgonga. Ndefu ya porini ilimkaa vizuri, lakini bei yake ingerefusha mkataba, na kiti chake chembamba kisingempendeza abiria mwenye kikapu cha sokoni. Akaishia kwenye ya cc 125 ya kawaida yenye kiti kirefu na usukani mpana, goti likiwa limefunguka kidogo kuliko kona ya daftari. Fundi wa Keko akaongeza sponji sentimita 4. Kwa sasa anapeleka hesabu yake na akirudi jioni anakunja goti na kulinyoosha bila kulalamika.

Wewe je? Kama una rafiki mwenye pikipiki unayoitamani, muombe akupe uende nayo safari ya saa nzima, leseni yako ikiwa mfukoni. Dakika tano za kuzunguka nje ya duka hazikwambii kitu, kila pikipiki ni tamu dakika tano za kwanza. Ukirudi, shuka, tembea hatua kumi. Ukichechemea, mshukuru rafiki yako, mrudishie funguo zake na uendelee kutafuta. Fedha bado iko mfukoni mwako na miguu bado ni yako.

Kwa leo niishie hapo. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo ukurasa huu huu.