Kisiki Kilicho Hai: Mizizi, Matawi na Majani katika Ushauri wa Kuni Nakivale

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, jiko hutegemea kuni na makaa. Hivyo tofauti baina ya kukata mti na kuung'oa ina uzito wa kisera. Mizizi hufyonza maji na madini, matawi huyatandaza majani juani, nayo majani huunda sukari. Sehemu ya sukari hiyo hushuka na kuhifadhiwa shinani na mizizini kama wanga. Kwa akiba hiyo kisiki cha mkaratusi huchipua tena. Kikichimbuliwa kwa ajili ya makaa, akiba huondoka nacho. Agizo la "usikate miti" halimwelezi mpishi jambo hili. Kiswahili, wanachokizungumza wakimbizi wengi kutoka Kongo, kina msamiati wa kutosha: kisiki, chipukizi, kupogoa.