Hadithi Fupi Isomwe Mara Mbili

Katika shule za sekondari za Marekani, hadithi ya Shirley Jackson iitwayo "The Lottery", iliyotokea katika jarida la The New Yorker mwaka 1948, imesomeshwa kwa miaka mingi katika somo la Kiingereza. Mwanzoni watoto wa kijiji waokota mawe na kuyarundika uwanjani. Wanaume wasimama mbali na rundo hilo, wakitabasamu pasipo kucheka. Msomaji hudhani ni mchezo tu. Mwishoni Tessie Hutchinson, aliyeangukiwa na kura, apigwa kwa mawe.

Mwalimu akiuliza tu ni nani aliyepigwa, hupima kumbukumbu. Bali akiwarudisha wanafunzi kwenye ukurasa wa kwanza, waonyeshe kila neno lililotangulia kuashiria mwisho huo, huwafundisha kutambua maana isiyotamkwa kwa ushahidi wa maneno yaliyotamkwa. Riwaya ndefu haitoi nafasi hiyo kwa wepesi. Hadithi fupi yaweza kurudiwa yote darasani. Mwanafunzi asiyezoezwa hivyo aghalabu huweza kusimulia alichokisoma, wala asiweze kueleza maana yake.