Shokapu Si Springi

Juma hili nimeletewa swali na mwalimu mmoja wa Mabira, wilayani Kyerwa. Amenunua Land Cruiser ya mwaka 1993 kwenye mnada, ile ndefu yenye springi za majani mbele na nyuma. Injini, anasema, haina neno. Tatizo ni kwamba nyuma limelala kama ng'ombe aliyeshiba, na likipita kwenye rasta linacheza hadi usukani unataka kumtoka mikononi. Mafundi wawili wamekwisha kumshauri. Wa kwanza amesema zinunuliwe shokapu nne ngumu za gesi na gari litainuka lenyewe. Wa pili amesema yaongezwe majani mawili ya springi za lori, kazi iishe siku hiyo hiyo. Mwalimu anauliza amsikilize nani.

Namwambia asimsikilize hata mmoja. Ushauri wa yule wa pili niliwahi kuufuata mwenyewe, na nitasimulia ulinifikisha wapi.

Wewe unayesoma safu hii Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam, ukitoka nyumbani kwenda kazini juu ya lami, huenda ukaona habari hii ni ya watu wa shamba. Lakini wangapi kati yetu tuna gari kuukuu la mzee lililoachwa nyumbani, ambalo kila Desemba tunalipakia watoto, magunia na mikungu ya ndizi? Nalo ndilo linaloitwa usiku jirani akizidiwa. Lami ya kutoka Kyaka hadi Bugene imetufupishia safari sana, hilo hakuna anayelikana. Hata hivyo ukiiacha barabara kuu na kushika njia za vijijini, Karagwe na Kyerwa kote, kilichobaki ni changarawe nyekundu, vilima, makorongo ya mvua za masika na vuli, na rasta.

Tuanze na lile ambalo wengi wetu tunalichanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu, ambayo wazee wengine huiita shokomzoba, haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi. Gurudumu likiingia shimoni springi hujikunja, kisha hutaka kujifyatua na kurusha gari juu, ishuke, ipande tena, mara tatu au nne. Ndani ya shokapu mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vyembamba. Mafuta hayapiti kwa hiari, hivyo nguvu ile ya kurukaruka hugeuka kuwa joto, na joto hilo hutoka kwenye bomba la shokapu kwenda hewani. Basi.

Kwa hiyo gari lililolala nyuma halitibiwi kwa shokapu. Hata zile zenye gesi nyingi haziliinui kiasi cha maana. Gesi, ambayo kwa kawaida ni naitrojeni, iliwekwa kwa sababu nyingine. Kwenye rasta gurudumu hutikisika mara nyingi kwa sekunde moja, mafuta yakachanganyika na hewa na kutoa povu kama sabuni. Povu halina nguvu ya kuizuia pistoni. Ndiyo maana dereva anayetoka Omurushaka kwenda Murongo kwa mwendo wa kasi huona gari liko sawa dakika kumi za mwanzo, kisha linaanza kuelea. Gesi hupunguza povu hilo.

Sasa kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na Land Cruiser ya 1991, ndugu kabisa wa hiyo ya mwalimu. Nayo ilikuwa imelala. Nikaipeleka kwenye gereji moja, jina naliweka kando, nikaongezewa majani mawili ya lori kila upande wa nyuma. Gari likainuka vidole vinne kamili. Nilifurahi kama mtu aliyepewa gari jipya. Tupu lilikuwa linapiga kama mkokoteni, lakini nikajiambia kwamba huo ndio uimara. Wala sikujiuliza kuhusu shokapu, ambazo zilibaki zile zile.

Kosa lilikuwa hapo. Shokapu ina urefu wake wa mwisho ikivutwa na urefu wake wa mwisho ikibanwa. Ukiliinua gari juu ya springi, shokapu inakuwa imekwisha kuvutwa karibu yote hata gari likiwa limesimama. Kila gurudumu linaposhuka shimoni, shokapu ndiyo inayolisimamisha, kwa kuning'inia kwenye kishikizo chake kilichochomelewa kwenye chasisi. Kishikizo hicho hakikutengenezwa kubeba ekseli.

Usiku mmoja wa Novemba nilikuwa Kaisho, na shemeji yangu akashikwa na uchungu. Tukamlaza nyuma pamoja na mama mkwe na dada mmoja, tukaelekea hospitali ya Isingiro. Mvua ilikuwa imenyesha. Tukiwa kwenye mteremko nilisikia kishindo, halafu chuma kinaburuzika. Kishikizo cha shokapu ya nyuma kushoto kilikuwa kimeng'oka, na shokapu iliyobaki ikining'inia ikaupiga mrija wa breki juu ya ekseli hadi ukapasuka. Nilikanyaga breki, pedeli ikazama. Bahati ni kwamba breki za magari haya zimegawanywa, za mbele na za nyuma kila moja na njia yake, kwa hiyo za mbele zilishika kidogo. Tuliteremka kwa gia ya kwanza, mikono ikinitetemeka. Mama mkwe alikuwa akiniuliza, "Baba, kuna nini?" nami nikimjibu, "Hamna kitu, mama, barabara tu." Tulichelewa karibu saa mbili. Mtoto alizaliwa salama, leo yuko sekondari, na kila nikimwona nakumbuka yale majani mawili.

Fundi aliyenifungulia macho ni mzee mmoja wa Omurushaka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akiwa bado chini ya gari, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mwandishi, gari lako kila siku linabeba nini?" Nikamwambia mara kahawa, mara ndizi, mara harusi. Akasema, "Sijauliza mara. Nimeuliza kila siku."

Hapo ndipo pa kuanzia unapochagua springi. Usichague kwa mzigo mkubwa kuliko wote uliowahi kubeba. Chagua kwa uzito ambao gari linabeba siku nyingi za juma. Kama umefunga bampa la chuma, keria juu na betri ya pili, huo ni uzito wa kudumu, uhesabu. Kama siku nyingi uko peke yako na kilo 100 za vitu, halafu msimu wa kahawa unapakia karibu tani, usifunge springi ya tani. Gari tupu juu ya springi ngumu halishiki barabara, tairi zinaruka rasta kwa rasta, na kila pigo ambalo springi ingelimeza linakwenda kwenye chasisi na bodi. Ufa wa chasisi tunaosingizia barabara, mara nyingi tumeununua wenyewe gereji.

Kwa mtu wa mizigo ya msimu ipo njia nzuri zaidi. Ni fungu la springi lenye jani nene la chini, lililonyooka, ambalo haligusani na wenzake mpaka gari lipakiwe. Tupu unatembea kwa majani laini ya juu, ukipakia lile la chini linaingia kazini. Hilo si sawa na kubandika jani la lori lolote lililookotwa, ambalo mkunjo wake haulingani na mengine, kwa hiyo linabana sehemu moja na kukata jani mama.

Kabla ya kununua, pima. Simamisha gari mahali tambarare, chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, pande zote nne. Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Andika. Upande mmoja ukiwa chini zaidi, tazama kwanza kama jani limevunjika au senta bolti imekatika, maana hapo huenda unahitaji kitu kidogo tu. Na usiende dukani kuomba "springi za Land Cruiser". Tangu 1999 Toyota iliweka springi za koili mbele katika aina za 78 na 79, wakati 75 iliyotangulia ina majani kotekote. Vivyo hivyo Land Rover: 109 ya zamani ni majani, ilhali 110 iliyotoka mwaka 1983 ni koili. Taja mwaka na namba ya chasisi.

Springi zikishakaa, ndipo utafute shokapu zinazolingana nazo. Ukiongeza kimo kwa sentimeta tano, shokapu lazima ziwe ndefu kwa kiasi hicho. Lakini ndefu kupita kiasi nazo ni balaa, kwani zitafika mwisho wa kubanwa kabla ekseli haijagusa ule mpira wa kuzuia kugonga, na hapo zitapasuka zenyewe. Zaidi ya sentimeta tano mimi simshauri mtu. Mirija ya breki inavutika, propela inakaa pembe mbaya, usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba, na taa zinawamulika wenzako machoni.

Za bomba moja au mbili? Ya bomba moja yenye gesi ya msukumo mkubwa hupoa haraka, kwa kuwa mafuta yanagusa bomba la nje linalopigwa na upepo. Lakini pistoni inatembea humo humo, na jiwe moja likilibonyeza bomba hilo shokapu imekufa. Ya bomba mbili huchelewa kupoa, ila ukuta wa nje ukibonyea kidogo inaendelea na kazi. Kwa njia zetu za changarawe mimi nimechagua ya bomba mbili, nene, yenye gesi ya wastani. Mwenzangu mmoja anayekimbia sana hataki kusikia, anatumia bomba moja. Hatujawahi kukubaliana na hatugombani.

Dukani, ivute na uibane kwa mkono ikiwa imesimama wima, mara kadhaa. Kuvuta kwa kawaida kuwe kugumu kuliko kubana, na kusiwe na mahali inapotelea tupu. Ile ya bomba mbili hata ikiwa mpya ipampu hivyo kabla ya kuifunga, hewa itoke kwenye mafuta. Nunua mbili mbili za ekseli moja. Za mtumba mimi sinunui. Injini ya mtumba unaweza kuisikiliza, shokapu ya mtumba haisemi chochote mpaka uwe Nyaishozi usiku.

Zilizofungwa utazijuaje kama zimekufa? Kulibonyeza gari kwa mikono hakusaidii sana kwa gari zito lenye majani. Tazama mafuta yaliyovuja na kushika vumbi. Halafu kuna mbinu ya yule mzee: pita kwenye rasta kilometa kama kumi, simama, gusa kila shokapu kwa uangalifu kwa nyuma ya vidole. Ya moto inafanya kazi. Iliyo baridi wakati wenzake ni moto, hiyo ni abiria.

Kuhusu kufunga nitasema mambo mawili tu. Bolti za bushi zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Lishushwe kwanza likae kwa miguu yake, la sivyo raba inafungwa ikiwa imesokotwa na itachanika mapema. Na yubolti zinunuliwe mpya pamoja na springi, kwa sababu za zamani zimekwisha kuvutika. Baada ya kilometa 500 zikazwe tena.

Mwalimu wangu wa Mabira, kwako fungu la springi la kiasi, lenye jani la chini la mzigo, kisha shokapu nne za urefu unaolingana. Fedha zisipotosha kwa yote, anza na springi na shokapu za nyuma, na upunguze upepo wa tairi kidogo na mwendo pia ukiwa kwenye rasta. Mimi nilibadilisha za kwangu wiki mbili zilizopita. Jumamosi nakwenda Murongo, na nikirudi itakuwa ndiyo kilometa ya mia tano, kwa hiyo Jumapili asubuhi nitakuwa chini ya gari na spana.