Je, Wajua Kwamba Kiti cha Baiskeli Nacho ni Sehemu ya Breki?

Ifakara ni mji wa baiskeli. Alfajiri wakulima hutoka na majembe yaliyofungwa kwenye mtarimbo, wauguzi hushika njia ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, wanafunzi hupishana na akina mama waliopakia ndizi nyuma, na karibu wote wako juu ya magurudumu mawili. Siri iko kwenye ardhi. Bonde la Kilombero, ulimo mji huu, ni tambarare ya mafuriko iliyolala chini ya milima ya Udzungwa, na mtu anaweza kupiga pedeli kilomita nyingi asikutane na kilima cha maana.

Neema hiyo ina ubaya wake: huficha ubovu. Baiskeli isiyo na breki haimalizi siku kwenye miteremko ya Lushoto, lakini hapa Ifakara itatembea msimu mzima. Mwenyewe hupunguza mwendo kwa kuacha kupiga pedeli, au kwa kukandamiza kandambili kwenye tairi, na maisha yanaendelea.

Siku hizi bonde limebadilika. Mwaka 2018 lilifunguliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, juu ya Mto Kilombero, mahali ambapo zamani watu walisubiri pantoni. Barabara ya kutoka Kidatu nayo imewekwa lami. Malori, mabasi na bodaboda hupita kwa kasi ambayo barabara ya vumbi haikuiruhusu, na mwendesha baiskeli hulazimika kusimama ghafla.

Je, anasimamaje? Baiskeli nyingi za mizigo, ziwe Phoenix za China au Avon na Hero za India, ni watoto wa baiskeli kubwa za Kiingereza zilizoletwa enzi za ukoloni. Breki zake hazina waya. Ukibana mkono wa breki, fimbo za chuma huvutana hadi kwenye chuma kilichopindwa umbo la U kinachokumbatia gurudumu. Chuma hicho hupanda juu, na raba zake mbili husugua upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama spoki. Ni ubunifu wa kuheshimiwa: hauna waya wa kukatika porini, na fundi mwenye spana na koleo huurekebisha chini ya mwembe. Rimu ikiyumba kidogo kushoto na kulia, breki hizi husamehe. Rimu ikiwa na nundu, yaani haiko duara sawasawa, raba hukamata na kuachia, kukamata na kuachia.

Adui mkubwa wa breki hizi ni maji. Vipimo vilivyofanywa katika chuo cha MIT nchini Marekani, na kuelezwa na mhandisi David Gordon Wilson katika kitabu chake Bicycling Science, vilionyesha kwamba raba za kawaida kwenye rimu ya chuma iliyolowa hupoteza zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za nguvu yake ya kukamata. Gurudumu lilizunguka wastani wa mara 30, breki ikiwa imebanwa kabisa, ndipo nguvu ikaanza kurudi. Kwa gurudumu la inchi 28, mizunguko hiyo ni zaidi ya mita 60. Anayetoka shambani masika, rimu zinachuruzika, anapaswa kuanza kubana breki kidogo kidogo mapema, ili raba zifute maji kabla hajafika njia panda. Ndiyo maana baiskeli ya Buffalo, inayosambazwa na shirika la World Bicycle Relief katika nchi kama Kenya, Malawi na Zambia, iliwekewa breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Breki hiyo imejificha ndani ya habu, na mvua haiifikii.

Halafu kuna mzigo. Mtu wa kilo 60 juu ya baiskeli ya kilo 20 ni kilo 80. Mpakie gunia la mpunga la kilo 100 kwenye keria, na jumla inakuwa 180. Vidole vinavyobana ni vilevile, hivyo umbali wa kusimama unazidi mara mbili. Gunia likiwa la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Hata bila mzigo, kasi ya kilomita 20 kwa saa hula mita tano na nusu kila sekunde, na sekunde moja hivi hupotea kabla mkono haujabana. Baada ya hapo, breki nzuri zote mbili kwenye lami kavu zinahitaji mita tatu hivi. Ya nyuma peke yake inahitaji mara mbili ya hizo, kwa sababu uzito hukimbilia mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi, likaserereka. Wengi wanaiogopa breki ya mbele wakidhani itawarusha juu ya usukani. Hofu hiyo ina msingi mtu akiibana ghafla, hasa kwenye mchanga au tope. Lakini kuiacha kabisa ni kutupa breki iliyo bora.

Hapa ndipo kiti kinapoingia. Kiti kilichoinamishwa pua humtelezesha mtu mbele anapofunga breki. Mikono hukakamaa kuuzuia mwili, na vidole vilivyotakiwa kubana vinashughulika kujishikilia. Kilichosogezwa nyuma mno humfanya aifikie breki kwa ncha za vidole tu. Kilicho juu kupita kiasi humwacha akining'inia baiskeli ikisimama, mguu haugusi ardhi, na gunia humvuta upande.

Kimo kinapimika. Mwaka 1967 watafiti wa Uingereza, Hamley na Thomas, walipendekeza umbali kutoka juu ya kiti hadi kwenye ekseli ya pedeli iliyo chini kabisa uwe asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani, kuanzia kwenye msamba hadi sakafuni. Mwenye mguu wa sentimita 80 anahitaji 87 hivi. Asiye na futi akae, aweke kisigino kwenye pedeli ya chini: goti linyooke bila kiuno kuinama upande. Akikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo penyewe. Anayebeba mizigo mizito ashushe kidogo, vidole vya mguu viguse chini akiwa bado amekaa. Tatizo la bondeni ni kwamba baiskeli moja huendeshwa na baba, mama na mtoto, na nati ya kiti haijafunguliwa miaka. Ipakwe grisi, na spana ikae nyumbani.

Masika huingia Machi. Kabla hayajafika, peleka baiskeli kwa fundi: kiti kilazwe sawa, rimu zifutwe oili, raba zote nne zibadilishwe. Fedha ikitosha raba mbili tu, anza na za mbele.