Kadi ya Sauti na Mlio wa Obokano: Tarakilishi katika Uhifadhi wa Fasihi Simulizi ya Abagusii

Tangu taaluma ya fasihi simulizi ipate mizizi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mtafiti amekuwa akihimizwa aende nyanjani, asikilize, anase na kuhifadhi. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba utendaji ni sehemu ya kazi yenyewe, na hoja hiyo imekaririwa katika tasnifu nyingi mno. Jambo lisilokaririwa ni jinsi sauti ya mtendaji inavyosafiri kutoka kinywani mwake hadi kwenye diski ya tarakilishi. Makala haya yanafafanua hatua moja ya safari hiyo, yaani tofauti iliyopo kati ya mfumo wa sauti uliojengewa ndani ya tarakilishi na kadi ya sauti iliyo kifaa cha pekee. Mifano inatolewa Kisii na Nyamira, kwa kuwa huko kuna ala ambayo huiumbua haraka tarakilishi dhaifu.

Ala hiyo ni obokano. Ina nyuzi nane, nayo ni ndugu ya nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu, ila ni kubwa kuliko hizo na mlio wake ni mzito zaidi. Mwili wake ni bakuli la mti lililowambwa ngozi. Nyuzi zake hapo kale zilitokana na kano za ng'ombe; siku hizi nailoni hutumika. (Msomaji wa Kiswahili atashawishika kulihusisha jina la ala na neno "kano". Ufanano wa sauti peke yake si ushahidi, na heri jambo hilo waachiwe wanaisimu.) Mpigaji huketi, akapiga huku akiimba na kusimulia, hivi kwamba ala na maneno havitengani. Anayenasa maneno akaupoteza mvumo wa nyuzi za chini amenasa nusu ya utendaji.

Kwanza, suala la istilahi. Neno "kadi" lina historia. Tarakilishi za kibinafsi za miaka ya 1980 zilikuwa na kipaza sauti kidogo cha kutoa mlio wa onyo, basi. Aliyetaka muziki alinunua ubao mdogo na kuuchomeka ndani ya mashine: kadi ya AdLib ya mwaka 1987, au Sound Blaster ambayo kampuni ya Creative ya Singapore iliitoa mwaka 1989. Mwaka 1997 kampuni ya Intel ilitoa kanuni zilizoitwa AC'97, ambazo ziliwawezesha watengenezaji kuiweka kazi hiyo ndani ya chipu ndogo juu ya ubao mkuu wa tarakilishi, kwa gharama ndogo mno. Mwaka 2004 zikafuata kanuni bora zaidi za High Definition Audio. Hivyo kadi ikatoweka katika mashine nyingi, lakini jina likabaki. Fundi atasema "saundi kadi imeharibika" ilhali ndani hamna kadi yoyote, ila chipu iliyogandishwa kwa risasi kwenye ubao. Mtafiti anayeuliza bei ya "kadi ya sauti" hana budi kueleza anachokitaka.

Kazi ya vifaa vyote viwili ni moja. Sauti ni mawimbi. Maikrofoni huyageuza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kibadilishi ndani ya chipu hupima umeme huo mara maelfu kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Diski ya muziki ya kawaida hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani huchaguliwa miongoni mwa ngazi 65,536. Kwa biti 24 ngazi hufika 16,777,216. Masafa ya juu kabisa yanayoweza kunaswa ni nusu ya idadi ya vipimo, na kwa kuwa sikio la binadamu halivuki hezi 20,000 au hapo karibu, vipimo 44,100 vinatosha kwa kusikiliza.

Ndiyo maana katika kusikiliza, ubishi kuhusu kadi umepitwa na wakati. Chipu ya ndani ya tarakilishi ya leo hucheza wimbo wa Kigusii kwa namna ambayo wasikilizaji wengi hawataitofautisha na kadi ya bei ghali, hasa ikiwa wimbo wenyewe umenakiliwa kutoka kwa matangazo ya Egesa FM au Minto FM. Matangazo ya FM hayapitishi sauti za zaidi ya hezi 15,000, na hakuna kadi inayoweza kurudisha kilichokwisha kukatwa. Anayenunua kadi ili asikilize tu anapoteza fedha zake.

Tofauti iko katika kunasa. Ndani ya tarakilishi mna feni, diski inayozunguka na saketi zinazowashwa na kuzimwa mamilioni ya mara kwa sekunde. Umeme unaotoka kwenye maikrofoni ni mdogo sana, na unapopita karibu na vurugu hiyo huchafuka kabla haujapimwa. Mtengenezaji anaweza kuandika "biti 24" kwenye sanduku. Biti za chini zitakuwa zimejaa kelele tu. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, katika mwongozo wake unaojulikana kama TC-04, kinasema wazi kwamba vibadilishi vilivyomo katika kadi za ndani ya tarakilishi havifai kwa kazi ya kuhifadhi, na kinapendekeza kibadilishi kilicho nje ya mashine, kinachotumia angalau biti 24 na vipimo 48,000. Zingatia kwamba hukumu hiyo inaiangukia hata kadi ya pekee iliyochomekwa ndani. Kwa mwenye kipakatalishi mjadala ni mfupi: kadi ya ndani haina pa kuchomekwa, hivyo njia yake ni kisanduku cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB, au kinasasauti cha mkononi cha kidijitali.

Kwa mtafiti wa Ekegusii kelele hizo zina madhara mahususi. Umeme wa Kenya hupwita mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake hujitokeza kwenye hezi 50, 100, 150 na kuendelea. Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia karibu na hezi 85. Kwa hiyo mvumo, sauti ya mzee na nyuzi nzito za obokano hugombania eneo moja. Ekegusii ni lugha ya toni, na mwanafunzi anayetaka kuchora mkondo wa toni kwa programu ya Praat anaweza kupata mstari ulionyooka kwenye hezi 100, akadhani ni toni tambarare, kumbe ni umeme. Dawa ya kwanza haina gharama: kipakatalishi kichomolewe kwenye chaja wakati wa kunasa, kitumie betri. Mara nyingi mvumo hukoma papo hapo.

Kosa linalogharimu zaidi hutokea wakati wa kunakili kanda. Katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira mna kaseti za miaka ya 1980 na 1990: mazishi, harusi, emegano za mabibi, wapigaji wa obokano ambao wengine wameshafariki. Tarakilishi ya mezani kwa kawaida huwa na matundu matatu yenye rangi. La waridi ni la maikrofoni, la samawati ni la kuingiza sauti kutoka kwa kifaa kingine, la kijani ni la kutoa. Kinasasauti kikichomekwa kwenye tundu la waridi, umeme wake ambao tayari ni mkubwa hukuzwa tena. Mawimbi hukatwa vichwa, sauti ikakwaruza, na mara nyingi pande mbili za kanda hugeuzwa kuwa moja. Vipakatalishi vingi havina tundu la samawati kabisa, na hapo ndipo kisanduku cha nje kinapokuwa hitaji la lazima. Kanda iliyochoka huenda ikavumilia kuchezwa mara moja au mbili kabla ya kukatika, kwa hiyo nakala mbovu inaweza kuwa ndiyo nakala ya pekee.

Isidhaniwe kwamba kisanduku kitatibu kila ugonjwa. Maikrofoni duni itabaki duni, na mvua ya alasiri juu ya mabati huko Nyansiongo au Ogembo itaufunika utambaji hata kwa kifaa bora duniani. Nafasi ya kuhifadhia nayo ipangwe: saa moja ya biti 24 na vipimo 48,000, kwa pande mbili, huhitaji takriban gigabaiti moja. Halafu kuna radi, ambayo wakazi wa Kisii hawahitaji kuelezwa. Chipu ya ndani ikiungua, ubao mkuu mzima huenda ukahitaji kubadilishwa. Kisanduku cha nje kikiungua, hasara mara nyingi huishia hapo, mradi nguvu hiyo haikupenya kwenye waya.

Kabla ya kwenda kwa mtambaji, mtafiti na afanye jaribio dogo nyumbani. Maikrofoni ichomekwe, chumba kinyamaze, dakika moja ya ukimya inaswe. Kisha rekodi hiyo ikuzwe hadi mwisho na isikilizwe kwa vipokea sauti vya masikioni. Kinachosikika hapo ndicho kitakachokaa chini ya kila neno la mzee.